Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mito, barabara na usalama wa raia katika Kivu ya Kusini: kazi ihamie juu ya mlima kabla ya mvua ya mwezi wa tisa

Bukavu, mwezi wa saba

Kwa Waheshimiwa wakubwa wote wenye dhamana ya mito, barabara, kilimo na usalama wa raia katika Kivu ya Kusini,

Salamu nyingi kwenu, na poleni kwa kazi.

Tunawaandikia mbele ya watu wote kwa sababu njia ya ndani imefika mwisho. Barua yetu ya kwanza ilipokewa na kupigwa muhuri. Ya pili vilevile. Ya tatu tuliombwa tuirudishe ikiwa na nakala nne, na tukairudisha hivyo. Hadi leo hakuna jibu, kiangazi kimefika katikati, na mvua inarudi mwezi wa tisa. Tunaotia sahihi hapa chini ni wapimaji wa mvua, mafundi wa barabara, maagronomu (wataalamu wa kilimo) na wakulima wa milima iliyo juu ya Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo. Tunawaheshimu. Heshima hiyo ndiyo inayotukataza kunyamaza.

Jambo letu ni moja. Maji yanayoua watu kando ya ziwa hayaanzii kando ya ziwa. Yanaanzia juu mlimani, pengine saa moja au mbili kabla, mahali ambapo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuyaangalia. Hema, mahindi ya msaada, magari ya wageni, vyote vinafika chini, baada ya mazishi. Tunaomba sehemu ya kazi na ya pesa ipande juu, na ipande kabla.

Hakuna anayeweza kusema hatukuonywa. Oktoba 2014 mafuriko yalibomoa nyumba zaidi ya 700 katika teritware (wilaya) ya Kalehe. Aprili 2020 mto Mulongwe uliuvamia mji wa Uvira. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mito ilishuka na mawe na miti juu ya Nyamukubi na Bushushu, vijiji vya Kalehe kando ya ziwa. Miili zaidi ya 400 iliokotwa, na wengi hawajaonekana mpaka leo. Usiku wa kuamkia tarehe 3, siku moja tu kabla ya hapo, mvua ya msimu uleule ilikuwa imeua zaidi ya watu 120 ng'ambo ya ziwa, Rwanda. Habari hiyo ilisikika kila mahali. Upande wetu akina mama walibeba mizigo yao wakaenda sokoni kama kila Alhamisi, maana hakuna aliyekuwa na jukumu la kuwaambia wasiende. Desemba mwaka huohuo ikawa zamu ya Bukavu yenyewe, komine ya Ibanda. Mei 2025 ikawa Kasaba, teritware ya Fizi, usiku, watu wamelala.

Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Mvua hainyeshi kwenye karatasi yoyote

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba. Milimita 60 juu ya hektari moja ni lita 600,000. Hesabu hii mtoto wa shule anaiweza, lakini huwezi kuianza bila kipimo, na kwenye vichwa vya mito mingi tunayoifahamu hakuna hata kipimo kimoja. Kipimo cha mjini hakisemi chochote juu ya mlima. Kwetu mvua inaweza kumwagika katika bonde moja na bonde la jirani likabaki na vumbi lake.

Kipimo cha kuanzia hakingoji mradi. Unachukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Unakata kichwa chake pale inapoanza kupinda, unakigeuza mdomo uangalie chini, unakitumbukiza ndani ya mwili wa chupa ili kipokee maji na kuzuia jua lisiyakaushe. Chini unatia mawe madogo ili upepo usiiangushe, kisha unajaza maji mpaka yafunike mawe yote na kupita ile sehemu ya chini iliyojipinda. Hapo unachora mstari wa sifuri, na kuanzia mstari huo unabandika rula ya milimita. Kwa kuwa mdomo unaopokea mvua na mwili unaoihifadhi vina upana sawa, milimita ya rula ndiyo milimita ya mvua. Chupa yenye kiuno inadanganya, msiikubali hata kama ndiyo iliyo nyingi dukani.

Chupa inafungwa kwenye kigingi cha mita 1 na nusu, mahali pa wazi. Kama kuna mti au nyumba karibu, umbali uwe angalau mara mbili ya kimo chake. Inasomwa kila siku saa mbili asubuhi, namba inaandikwa kwenye kaye (daftari), maji yanamwagwa, sifuri inarudishwa. Mvua kubwa ikianza, inasomwa kila nusu saa.

Kinachoharibu kazi tunakijua pia. Kipimo kinawekwa chini ya ukingo wa paa au ndani ya migomba. Maji yanakauka chini ya sifuri wakati wa jua na hakuna anayeyaongeza, basi mvua ya kwanza inasomeka pungufu. Msomaji anaruka Jumapili, Jumatatu anaandika mvua ya siku mbili kana kwamba ni ya siku moja, na mlima unaonekana umepata dhoruba ambayo haikuwako. Yote haya yanarekebishwa kwa siku moja ya mafunzo na mkaguzi mmoja anayepanda mara moja kwa mwezi.

2. Mto hauna mlinzi

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote.

Kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308 juu ya bahari; Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Mito inayoshuka upande huu ni mifupi na mikali. Haijai polepole kama mito ya uwanda. Anayeiona ikijaa chini amekwisha kuchelewa. Lakini anayeiona juu ana dakika za kutosha kuwaamsha watu wa chini, iwapo kuna njia ya kuwafikishia neno.

Tunachotaka kwa kila mto mkali ni hiki. Kijiji cha juu kinatoa walinzi wanne, wawili wa mchana na wawili wa usiku, katika miezi ya hatari: kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili, na tena kuanzia wa pili hadi wa tano. Wanapewa kipimo cha mvua, makoti ya mvua, tochi, filimbi, simu mbili za mitandao tofauti, vocha za kupigia, na malipo yanayojulikana, yanayotoka kwa tarehe. Mlinzi asiyelipwa miezi mitatu analala, na hatuwezi kumlaumu. Kwenye jiwe kubwa au nguzo ya daraja inapakwa rangi: kijani kwa maji ya kawaida, njano, nyekundu. Alama zipakwe na watu wanaoujua mto, wakionyeshwa na wazee maji ya zamani yalifika wapi.

Vizingiti vya kuanzia tunavyopendekeza ni hivi: milimita 30 ndani ya saa moja, au maji kufika njano, watu wote wa chini wajiandae. Milimita 50 juu ya udongo ambao umekwisha kunywa milimita 100 ndani ya siku tatu, au maji kufika nyekundu, watu wapande. Baada ya msimu mmoja vizingiti virekebishwe kwa namba za kaye, mto kwa mto, kwa sababu mto wenye msitu juu yake haufanani na mto ambao mlima wake umebaki mashamba matupu.

Kuna dalili ambazo hazihitaji namba, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi kati ya Kalehe na Minova angepaswa kuzijua kama anavyojua jina lake. Maji yanabadilika ghafula kuwa mazito kama uji wa rangi ya kahawa. Mawe yanasikika yakigongana ndani ya mto, ardhi inatetemeka chini ya nyayo. Hewa inanuka udongo mbichi na mizizi iliyokatika. Miti inapita ikiwa bado na majani mabichi.

Dalili ya mwisho ndiyo inayodanganya watu. Mvua bado inanyesha, lakini mto unapungua. Mawe yaliyokuwa ndani ya maji yanaonekana, kelele inashuka. Watu wanashukuru Mungu, wanarudi ndani kutafuta godoro, mwingine anavuka kwenda kufungua mbuzi. Kumbe juu kipande cha mlima kimeporomoka, udongo na miti vimeziba bonde, na maji yanajikusanya nyuma yake. Kizuizi hicho hakina nondo wala saruji. Kikikatika, kinachoshuka ni ukuta wa tope na mawe. Kwa hiyo mto ukipungua wakati mvua inanyesha, usisubiri amri ya mtu. Panda, na upande kwa ubavu, kwenye kilima cha pembeni. Anayekimbia akifuata mto kwenda chini anakimbia mbele ya tope, na tope lina mbio kuliko yeye.

Upashaji wa habari nao una kanuni zake. Mlinzi anapiga simu kwa watu watatu wa chini: chifu wa kijiji, mwalimu, na mlinzi wa kanisa au msikiti. Anayepokea lazima arudie maneno aliyoyasikia. Asipojibu kwa dakika tatu, apigiwe wa pili. Mtandao mara nyingi unaanguka dhoruba inapoanza, kwa hiyo filimbi, ngoma na kengele si mapambo: sauti tatu fupi, jiandae, sauti ndefu isiyokatika, panda. Zoezi lifanyike kila mwezi, mchana mara moja na usiku mara moja. Kengele ambayo haijajaribiwa kwa mwaka mzima, watu wataidhania ni ya msiba au ya ibada.

Na siku za soko kwenye vijiji vya mdomo wa mto ziwe na kanuni yake: njano ikionekana juu, soko linafungwa. Atakayelalamika juu ya nyanya zake tutamwelewa, na bado soko lifungwe.

3. Barabara imegeuka ukuta wa bwawa

Tuchukue bonde dogo la kilomita mraba 12, la mfano tu. Mvua ya milimita 60 kwa saa mbili inamwaga humo meta za ujazo 720,000. Udongo ukinywa nusu, zinabaki 360,000, nazo zinatafuta njia kwa saa mbili. Hiyo ni meta za ujazo 50 kila sekunde. Sasa angalieni buze, lile bomba la saruji lililo chini ya barabara. La upana wa mita 1 likiwa safi kabisa linapitisha takriban meta za ujazo 2 kwa sekunde. La sentimita 60 halifiki hata robo tatu ya meta moja ya ujazo. Kwa bonde lile mngehitaji mabuze 25 ya mita moja, yamelala sambamba. Kwa mto wa namna hiyo dawa ni daraja tu, lenye nafasi kubwa na lisilo na nguzo katikati, kwa sababu nguzo ya katikati inanasa mti wa kwanza, na mti wa kwanza unanasa mengine yote.

Buze dogo likizibwa na tawi, godoro kuukuu na chupa, maji yanapanda nyuma ya tuta la barabara. Barabara inakuwa bwawa ambalo halikujengwa kuwa bwawa. Maji yanapita juu yake, yanakula udongo upande wa chini, tuta linakatika mara moja, na nyumba zilizo chini ya barabara zinapokea kwa dakika chache maji ya saa nzima. Kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Kavumu na Minova, nyumba za namna hiyo ziko upande wa ziwa, mahali pengi.

Kuzibua kuna namna yake. Watu sita, machepe, panga, kamba na toroli moja wanaweza kusafisha buze la kawaida kwa siku moja. Anza upande wa kutokea maji, si wa kuingilia, la sivyo unasukuma tope ndani. Tope lililotolewa lisirundikwe ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha. Libebwe mbali na mtaro. Angalia shimo lililochimbwa na maji pale yanapoangukia: likiachwa linakula chini ya bomba mpaka kipande cha mwisho kinadondoka. Hapo panga mawe makubwa. Mita chache kabla ya mdomo wa kuingilia simamisha nguzo za chuma au za mti mgumu kwa nafasi ya sentimita 30 ili matawi yanaswe pale, na awepo mtu wa kuyatoa baada ya kila mvua, maana chujio lisilosafishwa linaziba kama bomba lenyewe. Kazi hii ifanywe mwezi wa nane, na irudiwe mwanzoni mwa mwezi wa pili. Salongo (kazi ya pamoja) ya wananchi inaweza kusaidia kwenye kanivo (mifereji) za kijiji. Barabara ya taifa ina wenyewe, na ushuru unaolipwa kwenye vizuizi vyake ulianzishwa kwa ajili ya matengenezo hayo.

4. Gabioni zinazosimama juu ya mchanga

Gabioni ni kikapu cha waya kinachojazwa mawe ili kulinda ukingo wa mto. Kikapu cha mita 2 kwa 1 kwa 1 kinabeba meta za ujazo 2 za mawe. Tundu la waya ni sentimita 8 kwa 10, kwa hiyo jiwe liwe la sentimita 15 hadi 25, gumu, lililopangwa kwa mkono. Kuna vikapu vilivyojazwa mawe makubwa pembeni na kokoto katikati. Mkaguzi anaona ukuta mzuri. Mafuriko ya kwanza yanatikisa, kokoto zinatoka, kikapu kinalegea kama gunia lililotobolewa.

Kosa kubwa zaidi liko chini, halionekani. Mto ukijaa unachimba kitanda chake mwenyewe. Gabioni iliyolazwa juu ya mchanga inabaki inaning'inia, kisha inaanguka mbele. Kikapu cha kwanza kizikwe angalau mita 1 chini ya kitanda cha mto, na mbele yake litandazwe godoro la mawe ndani ya waya, unene wa sentimita 30, lielekee mtoni mita 2 au 3, ili mto ukichimba godoro lishuke na kuufunika mguu wa ukuta. Nyuma ya ukuta iwekwe nguo ya kuchuja, la sivyo udongo unapita kati ya mawe na ardhi ya nyuma inabomoka huku ukuta umesimama. Tunaomba mafundi wa kijiji waruhusiwe kushuhudia msingi ukiwa bado wazi, kabla haujafunikwa.

5. Milima

Sheria ipo. Sheria ya misitu (Code forestier) ya mwaka 2002, kifungu cha 48, inakataza kukata msitu katika mita 50 kila upande wa mto na mita 100 kuzunguka chemchemi. Tembeeni ukingo wa mto wowote kati ya Kabare na Kalehe muone kama kuna mita 50. Hatuwashitaki wakulima. Mtu mwenye kishamba kidogo na watoto saba hawezi kuacha mita 50 kwa sababu ya karatasi ambayo hajawahi kuisoma. Apewe kitu cha kuvuna kwenye ukanda huo: mianzi, matete ya ng'ombe, miti ya matunda.

Kwenye mteremko, mtaro wa kuzuia mmomonyoko uwe na upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 50, ufuate usawa wa mlima. Usawa unapimwa kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, uzi, na jiwe linaloning'inia katikati. Nafasi kati ya mtaro na mtaro ni mita 8 hadi 10, na mita 5 panapokuwa pakali. Ukingo wake upandwe matete au miti midogo ya kaliandra msimu huohuo. Mtaro uliochimbwa kwa macho, bila kipimo, una mahali pa chini. Maji yote yanakusanyika hapo, yanavunja, na mmeanzisha korongo kwa mikono yenu.

Kuna onyo ambalo miradi mingi hailisemi. Mitaro hii inazuia maji ili ardhi iyanywe. Mlima wenye nyufa, wenye miti iliyoinama, wenye chemchemi mpya iliyotokea katikati ya shamba, umekwisha kulewa maji. Ukiuchimbia mitaro ya kunywesha unauharakisha kuanguka. Huko kinachotakiwa ni kinyume chake: mtaro wenye mteremko mdogo unaotoa maji nje, nyufa zizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na nyumba zilizo chini zihame kwanza. Agronomu apande aone kila mlima kabla ya jembe la kwanza. Mpango mmoja wa mlima wote, ulioandikwa mezani, unaweza kuua.

6. Uwanda wa Ruzizi una ugonjwa wake

Luvungi, Sange, Kiliba mpaka Uvira, mafuriko yana namna mbili. Mito inayotoka milimani inakuja kwa nguvu, kama Kalehe. Lakini Ziwa Tanganyika nalo linapanda taratibu, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Likipanda, linakaa juu miezi, na midomo ya mito inakosa mahali pa kumwaga. Mtu wa Kalehe anahitaji dakika. Mtu wa uwandani anahitaji wiki na mahali pa kuhifadhia. Muhogo uliokomaa unavunwa kabla maji hayajasimama, kwa sababu ukikaa ndani ya maji siku chache unaoza. Maharagi hayavumilii hata hivyo. Mbegu za msimu B (msimu wa pili wa kilimo) zitundikwe ndani ya bidoni (madumu) zilizofungwa vizuri, ghala linyanyuliwe mita 1 kutoka ardhini. Waraka mmoja wa tahadhari kwa mkoa mzima haumsaidii yeyote kati ya hawa wawili.

7. Maji ya kunywa baada ya mafuriko

Kwa ufupi, kwa kuwa madaktari wamelisema mara nyingi: kolera iko kwetu muda wote, na choo kilichofurika kinaipeleka kisimani. Vidonge vya klori vya miligramu 67, kimoja kwa bidoni ya lita 20, kungoja nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, na dawa iwe maradufu. Vidonge hivyo vilale kwenye vituo vya afya vya vijijini kuanzia mwezi wa nane. Barabara ikikatika, shehena iliyobaki Bukavu haina kazi.

Tunajua majibu yatakayokuja.

Mtasema mvua haitabiriki. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kusema leo ni kilima gani kitapigwa keshokutwa. Lakini mvua iliyokwisha kuanguka juu haihitaji kutabiriwa. Inahitaji kuonwa, na neno lishuke haraka kuliko maji.

Mtasema hakuna pesa. Daraja na gabioni ni ghali, tunakubali, na tutangoja zamu yake. Chupa, rula, rangi, filimbi, makoti na vocha kwa mito kumi si ghali kuliko siku moja ya msafara wa magari kwenda kutoa pole.

Mtasema watu wanakataa kuhama. Wanakataa kwa sababu. Uwanda ule wa mdomo wa mto ndio ardhi tambarare pekee: una soko, bandari ya mitumbwi, barabara, udongo mzuri. Uliletwa na mto wenyewe. Chimbeni shimo la mita 1 muone mawe ya duara, kila tabaka ni mafuriko ya zamani. Anayepelekwa mbali na shamba na ziwa atarudi, maana watoto wanakula kila siku na mafuriko hayaji kila siku. Kwa hiyo wapewe kiwanja kilicho juu, cha kutembea kwa mguu hadi shambani, chenye karatasi ya umiliki, na soko lihame kwanza. Soko likihama, nyumba zinalifuata.

Mtasema kuna vita. Kuna vita, na sisi tunaishi ndani yake. Vilevile ni kwa sababu ya vita kwamba waliokimbia wamejenga vibanda kwenye kingo za mito ambako zamani hakuna aliyethubutu kulala. Mlinzi wa mto hana bunduki wala upande. Tunawaomba wote wenye nguvu, popote walipo, wamwache afanye kazi yake, simu yake isichukuliwe na njia yake usiku isifungwe.

Mtasema ni mapenzi ya Mungu. Tunasali kama ninyi, na hatukubali kwamba Mungu ndiye aliyeliacha buze la sentimita 60 likiwa limejaa tope.

Basi tunaomba haya, kwa tarehe:

Kabla ya tarehe 31 mwezi wa saba, jina la mtu mmoja kwa kila mto, mwenye simu inayojibiwa usiku na mchana, litangazwe kwenye redio za mkoa.

Kabla ya tarehe 15 mwezi wa nane, vipimo vya mvua viwili kwa kila kichwa cha mto mkali, walinzi wateuliwe na vijiji vyenyewe, alama za rangi zipakwe, na mfuko wa malipo yao uwekwe wazi.

Kabla ya tarehe 31 mwezi wa nane, mabuze yote ya barabara ya taifa namba 2 na ya barabara ya Kamanyola kwenda Uvira yazibuliwe, na orodha ichapishwe: kilomita gani, upana gani, lilikuwa katika hali gani.

Zoezi la kwanza la kupanda, usiku mmoja na mchana mmoja, lifanyike katika wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, likianzia Nyamukubi na Bushushu.

Ujenzi wowote mpya kwenye midomo ya mito usimame, wa serikali, wa kanisa na wa mashirika pia. Shule ndiyo ya kwanza, kwa sababu shule ndiko watu wanakokimbilia.

Upande wetu tuko tayari. Tunatoa bure siku tano za kufundisha wasomaji wa vipimo, na tutachora alama za rangi pamoja na wazee wa kila mto. Tarehe 1 mwezi wa tisa tutaanza kutembea barabara kutoka Kavumu hadi Minova tukiwa na mita ya kupimia, bomba kwa bomba, na tutachapisha tulichokikuta: yaliyozibuliwa tutayashukuru kwa namba zake, na yasiyozibuliwa tutayataja kwa namba zake. Mkubwa yeyote atakayependa kutembea nasi, tunaondoka Kavumu saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa heshima,

Wapimaji wa mvua, mafundi wa barabara, maagronomu na wakulima wa milima,
Bukavu

Nakala: waami (wafalme wa kimila) na machifu wa vijiji vya Kabare, Kalehe na uwanda wa Ruzizi; wakuu wa shule; viongozi wa makanisa na misikiti; redio za jamii